Msuku Haulelewi kama Kahawa

Bustani ya Tunduma ilikuwa kubwa kuliko bustani zote za nchi hii, ukiondoa zile zilizoizidi. Najua, maana niliipima kwa macho kila siku nikiwa kwenye kigoda changu cha ufundi baiskeli, ng'ambo ya barabara. Ukipiga chafya upande wa soko, mtu wa upande wa forodha alikutakia afya. Ilikuwa na miyombo ya kutosha kumpoteza mlevi, misuku mitatu mizee, magogo mawili yaliyopasuliwa yakaitwa mabenchi, na kibao kilichosema kwa rangi nyeupe kwamba ni marufuku kufunga mbuzi. Mbuzi walifungwa kwenye kibao chenyewe.

Tuliipata kwa bahati. Barabara ya lami ilipopita, kisehemu kile cha pori kikabaki kati ya lami na soko, na kila mtu akadhani ni cha mwenzake. Kisha mwenyekiti wetu akaenda mkutanoni Mbeya, akaona watu wamekaa chini ya miti hawafanyi lolote na hakuna anayewakemea. Akauliza, akaambiwa hiyo ni bustani ya mapumziko, kila mji una yake. Aliporudi akatuita mkutanoni, akatangaza kwamba na sisi ni mji. Watu wa Tunduma kupumzika hatukuzoea. Kutwa tulikuwa mpakani, huyu na vitenge, yule na chumvi, yule anawasalimia Wazambia "mulishani" huku mkono umeshashika mzigo wao. Lakini amri ni amri. Tukapumzika.

Naanza na haya ya kuchekesha kwa sababu nikianza na yale mengine sitafika mbali.

Kitabu chetu cha kusomea kilisema kuna nchi ambako theluji ikiyeyuka maua huchanua na watu huenda bustanini kufurahi. Theluji tuliijua kitabuni tu. Sisi tulikuwa na mwezi wa tisa. Mwezi huo vumbi la Tunduma huwa zito kiasi kwamba kuku huacha nyayo hewani. Nyasi zimeungua, vijito vimebaki mchanga, watu wamesahau mvua inatoa sauti gani juu ya bati. Basi katikati ya ukame huo miyombo huvaa majani mapya. Mekundu. Mengine ya shaba iliyosuguliwa, mengine ya waridi, mengine damu ya mzee kabisa. Hayangoji mvua. Mti haujapata hata tone, lakini umeshajipamba kumpokea mgeni. Nimeona watu wengi wenye imani maishani mwangu, wakiwemo wachungaji wawili waliokopa baiskeli zangu. Sijaona mwenye imani kama myombo.

Mimi na mke wangu tulikutana na elimu pamoja, jioni, kwenye darasa la kisomo cha watu wazima. Mimi nilikuwa nimeacha shule darasa la pili kwa sababu ya ng'ombe wa baba, yeye hakuwahi kukalia dawati. Alitoka upande wa Itaka, huko Mbozi, kwa watu wa kahawa, nami nilimwoa kanisani kwao kabla yeyote kati yetu hajajua kuandika jina lake vizuri. Tulipofanya mtihani wa mwisho nilikuwa wa pili darasa zima. Wa kwanza alikuwa anapika ugali nyumbani kwangu.

Mwalimu wetu wa kisomo alikuwa mtu wa Hasamba, mwenye sauti ya kuongoza kwaya hata akiomba maji ya kunywa. Yeye ndiye aliyebuni jambo lenyewe. Alisema elimu ikikaa darasani inaoza kama nyanya, na kwamba kila msimu wa majani mapya, Jumamosi asubuhi, wahitimu wake watawachukua watoto wa shule ya msingi bustanini kuwafundisha miti, wadudu na udongo. Akayaita Masomo ya Majani Mapya. Akamteua mke wangu kuwa mwalimu. Mimi nikateuliwa kupuliza filimbi na kufukuza mbuzi.

Hapa inabidi nieleze jambo moja. Tulikuwa na miaka mingi ya ndoa na hatukuwa na mtoto. Kwetu mwanamke akizaa hubadilika jina siku hiyohiyo; anakuwa mama fulani, na jina alilopewa na baba yake linakwenda kupumzika. Wenzake wote aliokuja nao mjini walikuwa mama fulani. Yeye alibaki dada. "Dada, hujambo?" Kwenye foleni ya sukari, dada. Kanisani, dada. Hata wasichana aliowazidi umri wa kuwabeba mgongoni walimwita dada, huku wao wamebeba watoto wao. Wanaume wenzangu nao waliwaita wake zao mama watoto. Mimi nilimwita mwenzangu. Ni neno zuri, na nilikuwa nalitamka kwa madaha, lakini yeye alijua kwa nini nilikwenda kulitafuta.

Basi Jumamosi ya kwanza watoto wakaja. Nikisema walikuwa elfu nitakuwa nimeongeza kidogo. Walikuja na midomo yenye uji, wengine na wadogo zao migongoni, na mke wangu akasimama mbele yao amevaa gauni lake la kanisani, anaikunja na kuikunjua kanga yake. Nikapuliza filimbi kwa nguvu hadi lori la Zambia likasimama likidhani ni polisi.

"Mwalimu," mtoto mmoja akauliza kabla hata salamu haijaisha, "kwa nini majani mekundu? Yameungua?"

Mke wangu akaacha kukunja kanga. Nilimwona. "Wewe ulipozaliwa ulikuwa na rangi gani?"

"Sijui."

"Kamuulize mama yako. Ulikuwa mwekundu kama jani hili, ngozi laini, na unalia. Rangi yako ilikuja baadaye, ulipozoea jua."

Watoto wakacheka, wakaanza kunyoosheana vidole: wewe ulikuwa mwekundu, wewe ulikuwa mwekundu. Kisha kasichana kamoja kenye nywele za mabutu kakauliza, "Na mtoto wako mwalimu, alikuwa mwekundu?"

Mimi nikashika filimbi. Sikujua nitaifanyia nini, nikaishika tu.

"Wangu ni nyie," akasema. "Na mmejaa uji usoni. Haya, kila mtu achume jani moja, moja tu, alinuse."

Aliwafundisha kwa mikono. Aliwafumba macho kwa kanga wakaugusa mti, akawazungusha, akawafumbua wautafute mti wao. Aliwalaza kifudifudi wakaangalia siafu wakihama. Waliokota viwavi wa kula, wakabishana kama wa mwaka huu wamenona kuliko wa mwaka jana, na Mnamwanga mmoja wa darasa la tatu akasema kwao viwavi hukua kama ndizi, nami nikamtambua kuwa ni mwanangu wa kiroho. Somo lililopendwa kuliko yote lilikuwa la kupima unene. Watoto walishikana mikono kuuzunguka mti, na mke wangu naye akaingia kwenye duara, kisha wakahesabu: huu ni mti wa watoto wanne na mwalimu, ule ni wa watoto sita na mwalimu. Walipenda kipimo hicho kiasi kwamba walikwenda kupima ghala, mapipa ya mafuta na askari mmoja wa forodha aliyekuwa amesinzia.

Katikati ya msimu ule nikawasikia wakimwita Mama wa Bustani. Hakuna aliyewafundisha. Mmoja alitupa jina kutoka juu ya mti, wengine wakalidaka. Mke wangu alikuwa anachota maji mtungini. Alisimama na kata mkononi, maji yakamwagika yote kwenye miguu yake, akaendelea kusimama.

Tulipokuwa tunarudi nyumbani nikamwita hivyo kwa utani. "Mama wa Bustani, kuna chakula?"

"Usinichezee na hilo," akasema, lakini alikuwa anacheka. Alicheka hadi akashika ukuta.

Kama ningekuwa na akili ningeomba dunia isimame hapo.

Msimu wa pili mwalimu wa kisomo akasema watoto wameshaijua miti, sasa waioteshe. Kila mtoto awe na mche wake. Watoto wenyewe wakachagua msuku, wala hapakuwa na kura, kwa sababu msuku ndio uliokuwa unawalisha. Mvua za kwanza zikinyesha masuku yale huiva, yanaanguka yenyewe, manjano, matamu kama asali iliyotiwa sukari. Watoto walikula, wakatema kokwa kwenye beseni la mke wangu, beseni likajaa.

Sasa, mke wangu alikuwa mtoto wa kahawa. Kwao Mbozi kitalu cha kahawa hutunzwa kuliko mtoto mchanga. Unatafuta udongo mweusi, unauchekecha, unachanganya na samadi ya ng'ombe iliyokaa, unajaza kwenye vikopo vya maganda ya mgomba, unajenga kichanja cha kivuli, unamwagilia asubuhi na jioni. Hivyo ndivyo baba yake alivyolea mibuni iliyomsomesha kaka yake. Na hivyo ndivyo mke wangu alivyoilea misuku. Aliomba samadi kwa jirani mwenye ng'ombe, akaibeba kichwani mwenyewe. Aliuchekecha udongo hadi ungeweza kuupikia maandazi. Nyuma ya nyumba yetu pakawa kitalu ambacho hata mbunge angepiga nacho picha.

Mbegu zikaota. Zikatoa majani mawili, kisha manne. Watoto walipita kila wakitoka shule, kila mmoja anasalimia mche wake kama shemeji. Mwalimu wa kisomo alikuja akaimba.

Kisha miche ikaanza kuwa ya njano. Mmoja pembeni, kesho mitatu, wiki inayofuata mstari mzima. Mke wangu akaongeza samadi. Akaongeza maji. Akapunguza maji. Akainua kichanja, akashusha kichanja. Ilikaa bila kukua, imefunga, kama mtu aliyekataa kula, halafu ikakauka. Mingine tulikuwa tumeshawapa watoto wakaipande makwao. Nayo ikafa huko huko makwao, kila mmoja ukutani kwa mtu, mbele ya macho ya mama wa mtu.

Maneno yalianza sokoni. Sijui nani aliyaanza. Baadaye nilipouliza, Wanyiha waliniambia hayo ni mambo ya Wanamwanga, Wanamwanga wakasema ni ya Wandali, Wandali wakasema labda yametoka Zambia. Hayakuwa na kabila ila kila mtu aliyajua. Yalisema: yule dada ana mkono mkavu. Asiyezaa akishika mbegu, mbegu inashika hali yake.

Mama yangu aliyaleta nyumbani kama mtu aliyeokota kitu cha kwake. Tulikuwa tunaishi naye. Hakuwa mwanamke mbaya. Alikuwa mwanamke aliyekaa muda mrefu bila mjukuu.

"Mwanangu," akasema, mke wangu akiwa kisimani, "shamba lisiloota hubadilishwa."

"Mama, mimi si mkulima. Mimi ni fundi baiskeli."

"Basi hata baiskeli. Ikigoma hununui nyingine?"

"Naiziba pancha, mama. Ndiyo kazi yangu. Nikianza kutupa baiskeli za watu watanipeleka kwa balozi wa nyumba kumi."

Akatabasamu kidogo kwa kuwa mimi ndiye mwanawe wa pekee niliyeweza kumchekesha. Ndivyo nilivyoishi miaka ile: linakuja neno, nalirudisha na kichekesho. Sokoni muuza dagaa mmoja aliniuliza kwa sauti mbele za watu, "Fundi, misuku yako inaendeleaje?" nikamjibu kwamba inaendelea vizuri kuliko dagaa wake, maana yenyewe angalau ilikufa ikiwa mibichi. Soko zima lilicheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa amesimama nyuma yangu na kikapu.

Msimu wa tatu ukafika. Miyombo ikavaa nyekundu yake kama kawaida, haikuwa na habari. Jumamosi ya kwanza walikuja watoto nusu ya wale wa zamani. Ya pili alikuja yuleyule muuza dagaa, amejifunga kanga kiunoni, akamshika mwanawe mkono katikati ya somo.

"Twende."

"Mama, bado hatujapima mti."

"Nimesema twende. Utapima miguu yako ikitembea." Kisha akamgeukia mke wangu, na nitasema kweli, hakuongea kwa ubaya. Aliongea kama mtu anayefunga dirisha mvua ikija. "Dada, usinielewe vibaya. Mimi nina watoto wa kike. Na wao watataka kuzaa."

"Nimekuelewa, mama," mke wangu akasema.

Walipoondoka akawaita waliobaki waje kupima myombo mkubwa uliokuwa karibu na benchi. Mti wa watoto saba na mwalimu. Wakashikana. Mke wangu akaingia mahali pake, akanyoosha mkono wa kushoto, ukashikwa. Akanyoosha wa kulia. Upande wa kulia kalikuwepo kavulana kadogo, kageni darasani, hakakuzidi miaka saba. Kakautazama ule mkono. Kakautazama tena. Kisha kakaingiza mkono wake ndani ya shati, polepole, bila kumkasirikia mtu, kama anayejikinga na baridi.

Duara likabaki wazi hapo. Watoto wakubwa waliangalia chini. Mimi nikapuliza filimbi, na mpaka leo sijui kwa nini. Nikapuliza, nikapiga kelele kwamba kuna mbuzi, nikakimbia kumfukuza mbuzi ambaye hakuwepo. Nilipogeuka mke wangu alikuwa ameukumbatia mti kwa mkono wake ule wa kulia, amejinyoosha kuziba nafasi ya mtoto, shavu limegusa gome. "Tayari," akasema. "Hesabuni."

Wakahesabu.

Wiki ile mwalimu wa kisomo alikuja nyumbani, sauti yake ya kwaya ameiacha njiani. Alisema wazazi wanalalamika. Alisema yeye haamini mambo hayo hata kidogo, ni ujinga, na ujinga ni adui yetu. Alisema labda mke wangu apumzike msimu huu, awafundishe kina mama kushona, hadi upepo upite. Mke wangu akamkaribisha chai. Akamwuliza kama mkewe amepona homa. Alipoondoka akaniambia, akiwa anaosha vikombe, kwamba kwao kahawa ya mwisho bado iko mitini na mama yake ana mgongo mbaya.

"Ukasaidie kuchuma," nikasema. "Kwa siku ngapi?"

"Mpaka iishe."

Nikamsindikiza hadi kwenye lori, nikampandishia fuko lake, nikamtania dereva kwamba nimempa mke wangu amtunze, akimrudisha amepungua kilo nitamdai. Dereva akacheka. Mke wangu akaniangalia kutoka juu ya magunia kwa namna ambayo nilipaswa kuielewa.

Kahawa iliisha. Nilikwenda kumfuata, akanipokea vizuri, akanipikia, akasema bado mahindi hayajapandwa. Nilikwenda tena, mahindi yalikuwa hayajapaliliwa. Baba yake alikaa nami nje tukizungumzia bei za mbolea, kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Safari ya tatu nilielewa kwamba kazi za shamba haziishi, ndiyo maana alizichagua. Nikaacha kwenda. Masomo ya Majani Mapya hayakupata mwalimu mwingine. Watoto walikuja Jumamosi moja, wakamkuta mbuzi, wakatawanyika. Na mama yangu, aliyetaka aondoke, alilia kuliko mimi. Alikuwa akipika anakosea, anapakua sahani tatu.

Miaka ikapita. Sikuoa. Watu walisema nimerogwa; nikawaambia aliyeniroga hakumalizia kazi, maana bado nakula sana.

Halafu, mvua moja, bwana misitu alileta baiskeli yake kwangu. Alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka mbali, kijana mchangamfu. Nikiwa naziba pancha alivuka barabara, akarudi na masuku mfukoni, akawa anakula na kutema kokwa mavumbini.

"Mzee, huu mti ni mzuri," akasema. "Kwa nini hamuuoteshi?"

"Tulijaribu. Hauoti."

"Unaota, mbona. Mliupanda kwenye udongo gani?"

Nikamweleza. Samadi, kuchekecha, maganda ya mgomba. Nilimweleza kwa kirefu kuliko alivyouliza. Akatikisa kichwa, mdomo umejaa.

"Hapo mlilea kahawa, mzee. Msuku haulelewi kama kahawa. Unaishi na ukungu mweupe kwenye mizizi yake, ndio unaoulisha, na ukungu huo uko kwenye udongo wa chini ya misuku mikubwa. Mngechota pale pale mama yake aliposimama, hata debe moja mkachanganya, mngekuwa na msitu. Bila huo unafunga, unakuwa njano, unakufa. Hata angeupanda malaika."

Nilimaliza kuziba ile pancha. Nilijaza upepo. Sikumbuki kama alinilipa. Nilichokuwa nakiona ni misuku mitatu ng'ambo ya barabara, na udongo ule tuliokuwa tunaukanyaga kila Jumamosi, sisi na watoto, na beseni likiwa limewekwa juu yake.

Kesho yake nilipanda lori la kwanza la kwenda Itaka. Mvua ilinyesha njia nzima, tope la kuzamisha tembo na mtoto wake. Nilimkuta mke wangu shambani anapalilia mahindi, amezeeka kidogo, amependeza. Sikungoja hata salamu.

"Haikuwa mkono wako."

Aliendelea kupalilia hadi mwisho wa mstari, kisha akarudi. "Salamu za nyumbani ziko wapi? Mama hajambo?"

"Hajambo. Ulikuwa udongo." Nikamwambia yote, ukungu, mizizi, udongo wa chini ya msuku mama. Niliyasema kwa kurukaruka kama mtu anayekimbizwa.

Akakaa kwenye tuta. "Rudia."

Nikarudia polepole.

"Tulikuwa tunaukanyaga," akasema.

"Tulikuwa tunaukanyaga."

Akalia kidogo, si sana, kama mtu anayemalizia kilio cha zamani. Nami nikaona nafasi yangu. "Basi twende nyumbani. Nitawaambia wote. Nitapiga mbiu sokoni, nitamwambia yule wa dagaa mbele ya dagaa wake. Nitaandika kwenye kibao cha mbuzi. Mwezi wa tisa watoto watakuja mpaka kutoka Lusaka."

Alicheka. Kilikuwa kicheko kilekile cha kushika ukuta, ila ukuta haukuwepo, akashika jembe.

"Nakuamini utapiga mbiu," akasema. "Na yule mtoto wa shati?"

"Amekuwa kijana. Hata hakumbuki."

"Hakumbuki. Wala nisingependa akumbuke." Akaufungua mkono wa kulia, wenye tope, akauangalia. "Kaka yangu ana watoto hapa, wananipenda. Kila nikitaka kumshika mmoja wao nauangalia kwanza huu. Nauangalia, ndipo namshika. Wao hawajui. Wamezaliwa wananikuta hivyo. Ningesimama vipi mbele ya watoto mia wa watu?"

"Utazoea."

"Mwenzangu," akasema kwa upole, neno langu mwenyewe, "asante kwa kuja na mvua hii. Umenitua mzigo. Lakini usiniombe nirudi nikaubebe tena pale pale."

Tulikula kwa mama yake. Mvua ilipokatika nikaaga. Akachukua kanga, akajifunika mabega, akasema, "Ngoja nikusindikize."

Kwetu mgeni ndiye anayesindikizwa. Mume anatoka tu, anarudi, mlango unamjua. Nilitaka kumwambia asijisumbue, nikakosa namna ya kusema ambayo isingetuumiza wote wawili. Tukatembea. Tukaongea juu ya mgongo wa mama yake, na hali ya madaraja ya njiani, na kwamba mahindi ya mwaka huu yana rangi nzuri. Njia ya shamba ilipokutana na barabara akasimama, kama desturi.

"Haya, mimi naishia hapa. Uwasalimie nyumbani."

"Salamu zitafika."

"Msalimie mama."

"Haya."

Akageuka akarudi, mguu unakwepa madimbwi. Mimi ninayeweza kutia chumvi hata kwenye asali sikupata neno hata moja la kumtupia mgongoni. Lori lilikuja, likapunguza mwendo, dereva akaniangalia. Nikampungia mkono apite, maana kanga yake bado ilikuwa inaonekana kati ya mahindi.